Sura ya Sita: Tapeli Mmoja, Seva Mbili

"Barua hii niliitupa kwenye taka juzi. Leo mwenzangu wa Mikumi ameipata vilevile, tena nusura ailipie. Hizi kompyuta haziambizani?"

Swali hili huulizwa kila mahali penye ofisi zaidi ya moja. Jibu fupi ni kwamba haziambizani mpaka mtu azipangie namna ya kuambizana. Jibu refu linatutaka tujue kompyuta inatambuaje barua ya tapeli, inaweka wapi ilichojifunza, na nani anapaswa kuifundisha.

Tuutumie mfano mmoja sura nzima. Tuseme kuna taasisi ya dini yenye zahanati na mradi wa wakulima Kilosa mjini, na nyumba ya wageni Mikumi. Miji yote miwili iko Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, lakini kila mmoja una maisha yake. Kilosa ni mji wa reli, ile ya kati ya zamani na sasa SGR, ambayo treni zake zilianza kwenda Dodoma Julai 2024. Pembeni yake kuna mkonge wa Kimamba na Rudewa, mahindi, na vikao vya wakulima visivyokwisha. Mikumi uko kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, na riziki ya watu wake inapita barabarani: malori, mabasi, watalii. Kila ofisi ya taasisi yetu ina seva yake ya barua pepe, yaani kompyuta inayopokea barua zote za ofisi na kuzigawa kwa wenyewe.

Barua za Kilosa zinazungumzia pembejeo, posho na mihtasari ya vikao, kwa Kiswahili. Za Mikumi zinazungumzia vyumba, dola na tarehe za kufika, nyingi kwa Kiingereza. Ishike tofauti hiyo. Ndiyo itakayotusumbua baadaye.

Tapeli tunayemfahamu wote

Tuanze na simu, maana huko ndiko Watanzania wengi walikokutana na tapeli kwa mara ya kwanza. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, huduma nyingine za fedha kwa simu zikafuata, na nyuma yao ukaja ujumbe ambao karibu kila mwenye laini ameupokea: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Anayeutuma hakujui. Anautawanya kwa watu wengi akitegemea kwamba mmoja wao siku hiyo alikuwa kweli anasubiri namba ya kutumia kodi ya nyumba au ada ya mtoto. Baadaye akaja baba mwenye nyumba wa uongo, mganga wa utajiri, mwalimu anayesema mtoto wako kaanguka shuleni, na wakala wa Freemason.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliweka namba 15040 ili mwananchi aripoti ujumbe wa namna hiyo pamoja na namba iliyoutuma. Taarifa za robo mwaka za mamlaka hiyo zimekuwa zikiutaja Mkoa wa Morogoro, pamoja na Rukwa, miongoni mwa mikoa yenye majaribio mengi ya utapeli kwa simu. Tusisahau kwamba wanaoumizwa nao ni watu wa mikoa hiyohiyo: mkulima wa Kidodi au Ruhembe anayesubiri malipo ya miwa ndiye hasa anayeweza kunaswa na ujumbe wa "ile hela".

Namba 15040 ni kumbukumbu ya pamoja. Mmoja akiripoti, namba ikafungwa, wengine wanapona bila hata kujua kwamba walikuwa hatarini. Lakini kinachofungwa ni namba. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na tangu Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa, ila tapeli bado anapata laini nyingine na kuendelea. Asichokibadilisha kirahisi ni maneno yake, kwa sababu maneno hayo ndiyo yanayomletea fedha.

Kwenye barua pepe mambo ni yaleyale. Kuna orodha nyeusi za kompyuta zinazotuma taka. Spamhaus, shirika lililoanzishwa mwaka 1998, linatunza moja inayotumika dunia nzima. Seva huiuliza orodha hiyo kabla ya kupokea barua. Inakamata nyingi, na kila mwenye seva anapaswa kuitumia. Udhaifu wake ni ule wa 15040: mtumaji akihama, orodha inabaki nyuma. Hapo inahitajika kumbukumbu ya pili, inayokumbuka maneno.

Mchungaji Bayes na maneno mawili

Thomas Bayes alikuwa mchungaji wa Kiingereza, akafariki mwaka 1761. Andiko lake la hesabu lilichapishwa mwaka 1763 kwa juhudi za rafiki yake Richard Price. Lilihusu jambo ambalo sote tunalifanya bila kalamu: kurekebisha makisio yetu kila tunapopata ushahidi mpya. Mwaka 2002 mtaalamu wa programu Paul Graham alieleza namna ya kukamata taka kwa kuhesabu maneno kwa njia hiyo. Alisema kichujio chake, yaani programu inayotenganisha barua, kilikosa chini ya barua 5 katika kila 1,000 za taka, bila kutupa hata moja halali. SpamAssassin, programu ya bure iliyoanzishwa na Justin Mason mwaka 2001, nayo ikaiongeza hesabu hiyo kwenye vipimo vyake.

Hesabu yenyewe haihitaji shahada. Tuseme umekionyesha kichujio barua 200 za taka na 200 halali. Neno "hongera" limeonekana katika taka 60 na katika halali 6, kwa hiyo ni mara 10 zaidi upande wa taka. Neno "kikao" limeonekana katika taka 2 na halali 80, mara 40 zaidi upande wa halali.

Sasa inafika barua inayosema: hongera kwa kuteuliwa, kikao ni Jumatano. "Hongera" linaivuta kuelekea taka kwa nguvu ya 10. "Kikao" linairudisha kwa nguvu ya 40. Gawanya 10 kwa 40, unapata robo: kwa kila taka moja yenye maneno haya mawili kuna halali nne. Uwezekano kwamba ni taka ni asilimia 20, na barua inapita.

Programu halisi inapima maneno mengi kwa wakati mmoja, pamoja na vipande vya anwani na viungo vilivyomo, kwa hesabu iliyoboreshwa zaidi ya hii. Kila kinachohesabiwa tukiite kipande. Vipande vyote na hesabu zake vinakaa kwenye kanzidata, yaani hazina ya taarifa iliyopangwa ili kompyuta iitafute haraka. Katika SpamAssassin jibu la Bayes ni alama moja kati ya nyingi. Kwa mpangilio wa kawaida, jumla ya alama ikifika 5, barua inahesabiwa kuwa taka.

*Kwa ufupi:*
- Orodha nyeusi inamkumbuka mtumaji. Kichujio cha Bayes kinakumbuka maneno.
- Kichujio hakijui neno baya wala zuri mpaka kionyeshwe barua za aina zote mbili.
- Kilichojifunza kinakaa kwenye kanzidata, na kanzidata inakaa mahali fulani.

Kwa nini ofisi ndogo haitoshi

Kanzidata hiyo ni kama daftari la madeni la mwenye duka. Ameandika humo nani analipa na nani anapotea, na linamsaidia sana, lakini duka la mtaa wa pili halina habari nalo. Mdaiwa sugu anavuka barabara na kuanza upya kwa jina safi. Barua iliyotupwa Kilosa inafika Mikumi kwa namna hiyohiyo.

Kuna tatizo kubwa zaidi kwa mdogo. SpamAssassin haitumii hesabu ya Bayes kabisa mpaka ionyeshwe angalau taka 200 na halali 200. Kwa ofisi ya mjini Dar es Salaam hiyo ni kazi ya siku chache. Kwa nyumba ya wageni Mikumi wakati wa masika, wageni wakiwa wachache, barua halali 200 zinaweza kuchukua muda mrefu, na muda wote huo kichujio kimekaa kimya. Kilosa hali inageuka: barua halali zimejaa, taka ni chache kwa sababu anwani za ofisi hazijatangazwa sana mtandaoni.

Ukiziona hesabu hizi mbili kwenye karatasi moja, wazo la kuziunganisha linakuja lenyewe. Mikumi italeta taka, Kilosa italeta halali, 200 kwa 200 zitatimia ndani ya wiki chache, na kila mmoja atafaidika.

Mpango huu ukifanywa hivyo hivyo, utaharibu kazi ya Mikumi.

Fikiria kanzidata hiyo imejifunza nini. Karibu taka zote ilizoonyeshwa zilitoka Mikumi, kwa hiyo zimejaa Kiingereza, dola na habari za vyumba. Karibu halali zote zilitoka Kilosa, kwa Kiswahili cha vikao. Neno "booking" limeonekana, tuseme, katika taka 50 na katika halali 1. Kichujio kinahitimisha, kwa uaminifu kabisa wa hesabu, kwamba barua yenye neno hilo ina uwezekano wa asilimia 98 kuwa taka. Mgeni halisi kutoka Ujerumani anaandika kuulizia chumba cha Agosti, msimu wa kiangazi ambao ndio wa mavuno ya Mikumi. Barua yake inaingia kwenye taka. Anasubiri siku tatu, kisha anaandikia nyumba nyingine. Hakuna aliyemkosea mwenzake: kichujio kilitakiwa kijifunze kutofautisha taka na halali, kikajifunza kutofautisha Mikumi na Kilosa.

Kwa hiyo sharti la kwanza la kushirikiana ni kwamba kila ofisi ilete aina zote mbili. Mikumi ikileta taka 100, ilete na halali 100 zake, hata kama itabidi irudi kwenye barua za msimu uliopita. Kilosa nayo ifanye vivyo hivyo. Sharti hili linapuuzwa kuliko yote, maana taka zinakuja zenyewe na kila mtu yuko tayari kuzitupa, ilhali kukusanya barua nzuri kunahitaji mtu akae chini.

Graham mwenyewe alipendelea kila mtu awe na kichujio chake, kwa sababu maneno ya kazi ya kila mtu ni tofauti. Kwa mtu aliyekuwa na maelfu ya barua za kufundishia, alikuwa sahihi. Kwa ofisi ya watu wanne naona si rahisi kumfuata. Ninachopendekeza ni kushirikiana na wanaofanya kazi inayofanana na yako: nyumba za wageni na nyumba za wageni, zahanati na zahanati, vyama vya wakulima na vyama vya wakulima. Watumishi wa umma wamepiga hatua kwenye njia hiyo. Taasisi zao zina mfumo wa pamoja wa barua pepe, GMS, uliotengenezwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, na anwani zao zinaishia na go.tz. Anayetumia Gmail naye, tangu ilipoanza mwaka 2004, anafaidi ripoti za watumiaji wengine wote. Aliyebaki peke yake ni mwenye seva ndogo ya binafsi: chama, zahanati ya misheni, nyumba ya wageni.

Kiswahili kinahitaji walimu wengi zaidi

Hapa kuna jambo ambalo miongozo ya vichujio, inayoandikwa na watu wa Kiingereza, hailigusi.

Kwa mwandishi wa Kiingereza kitenzi kimoja kina maumbo machache. Kwetu kitenzi kinabeba nafsi, wakati na mtendwa ndani yake. Tapeli anayetaka fedha anaweza kuandika tuma, itume, nitumie, utanitumia, umetumiwa, ulitumiwa, nimekutumia, tulikutumia. Wewe na mimi tunaona kitu kimoja. Kichujio kinaona vipande vinane visivyohusiana, na kila kimoja kinatakiwa kijenge hesabu yake kuanzia sifuri. Ujuzi ambao barua 50 zingeutoa kwenye umbo moja unatawanyika kwenye maumbo manane, na mengine hayafiki hata mara mbili.

Kuna la pili, dogo lakini lenye madhara. Kwa mpangilio wake wa kawaida, SpamAssassin ikikutana na neno lenye herufi zaidi ya 15 inalikata na kubakiza herufi 7 za mwanzo. Kwa Kiingereza hilo halina shida, maana mwanzo wa neno mara nyingi ndio wenye maana. Chukua "atakayekuhudumia", lenye herufi 16. Kinachobaki ni "atakaye". Huduma imekatwa, kimebaki kiambishi ambacho kinaweza kufuatwa na kitendo chochote duniani. Neno refu la Kiswahili lina mzizi wake huku mwishoni, na mwisho ndio unaotupwa.

Dawa yake ni wingi wa barua. Kichujio cha Kiswahili kinahitaji kuonyeshwa barua nyingi zaidi kuliko cha Kiingereza ili kifikie uelewa uleule, na wingi huo hauwezi kupatikana kwenye ofisi moja ya Kilosa. Ndiyo maana naamini kushirikiana katika kanzidata kunatufaa sisi kuliko walioibuni teknolojia hii.

Njia tatu za kuambizana

Mafundi wana njia tatu za kuzifanya seva mbili zitumie kumbukumbu moja.

1. *Kanzidata moja ya katikati.* Seva zote zinasoma na kuandika mahali pamoja, kwa programu kama MySQL, PostgreSQL au Redis. Kilosa ikijifunza saa nne, Mikumi inajua saa nne.
2. *Mwalimu mmoja, nakala nyingi.* Seva moja inajifunza. Usiku inatoa nakala, na nyingine inaipokea na kuitumia.
3. *Lango moja.* Barua za ofisi zote zinapita kwanza kwenye kompyuta moja ya kuchuja, kisha zinagawiwa.

Ya tatu ni rahisi kueleweka na tuiache hapo. Kompyuta ya lango ikizimika, ofisi zote mbili hazipati barua.

Ya kwanza inapendwa na mafundi, na ina mitego mitatu. Mtego wa kwanza ni wa jina. Kanzidata ya MySQL au PostgreSQL huweka kumbukumbu kwa jina la mtumiaji. Fundi asipoielekeza wazi kwamba seva zote zitumie jina moja, atakuwa na kanzidata moja yenye kumbukumbu mbili zisizojuana, na kila kitu kitaonekana kinafanya kazi. Wa pili ni wa usahaulifu. Ukitumia Redis, kwa mpangilio wa kawaida kipande ambacho hakijaonekana kwa wiki tatu kinafutwa. Mahali penye misimu kama kwetu hilo ni hasara tupu: maneno ya wageni wa kiangazi yatakuwa yamesahaulika kabla masika hayajaisha. Muda huo uongezwe tangu siku ya kwanza. Kanzidata za aina nyingine nazo hupunguza vipande vya zamani zikijaa, kwa kawaida zikipita vipande 150,000, ambavyo kwa ofisi ndogo ni vingi vya kutosha.

Mtego wa tatu ni mtandao wenyewe. Kila barua inayofika Mikumi inabidi iulizie vipande vyake vyote kwenye kanzidata, na kanzidata ikiwa mbali, kila barua inasubiri. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikayumba kwa siku kadhaa. Seva ya Mikumi inayotegemea kanzidata iliyokodiwa Ulaya isingekuwa na kumbukumbu siku hizo. Barua zisingesimama, kwa kuwa SpamAssassin ikikosa kanzidata inaendelea na vipimo vingine, lakini macho yake ya Kiswahili yangekuwa yamefumbwa.

Kwa hiyo kwa Kilosa na Mikumi nachagua ya pili. Kilosa ijifunze, saa nane usiku itoe nakala kwa amri ya programu yenyewe, iipeleke Mikumi kwa njia iliyofungwa kwa siri, na Mikumi iipokee. Hasara yake ni kwamba Mikumi inajua leo kile Kilosa ilichojua jana. Faida yake ni kwamba mtandao ukikatika, kila mmoja anabaki na kumbukumbu kamili.

Fundi azingatie mambo mawili. Asinakili mafaili ya kanzidata moja kwa moja huku programu inayaandika, maana yanaweza kuharibika. Atumie amri ya kutoa nakala, inayozalisha maandishi ya kawaida. Na ajue kwamba kupokea nakala kunafuta yote yaliyokuwepo. Nakala haichanganywi na kumbukumbu ya zamani, inachukua nafasi yake. Seva ya Mikumi ikijifunza kivyake mchana, usiku yote yatafutika. Barua za kufundishia za Mikumi zipelekwe Kilosa, zifundishwe huko, na ujuzi urudi na nakala.

Siri za zahanati

Mtu akisikia barua za zahanati zinachangia kumbukumbu ya pamoja, ana haki ya kushtuka. Tangu 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni kati ya zile zinazohitaji uangalizi mkubwa.

Kanzidata ya Bayes haihifadhi barua. SpamAssassin haihifadhi hata maneno yenyewe: kila kipande kinageuzwa kuwa alama fupi ya baiti 5, na alama hiyo haisomeki kurudi kuwa neno. Anayeiiba ataona alama na hesabu tu. Ila kuna mwanya. Mwizi mwenye neno lake kichwani, kwa mfano jina la ugonjwa au la mtu, anaweza kuligeuza kuwa alama kwa njia hiyohiyo kisha akaangalia kama alama hiyo imo. Hatapata barua, lakini atajua kwamba neno hilo liliwahi kuandikwa.

Hatari kubwa zaidi iko kabla ya kanzidata. Ili kufundisha, barua yenyewe inatoka kwa aliyeipokea na kuwekwa mahali pa kufundishia, na hapo kuna binadamu anayeweza kuisoma. Msimamo wangu ni kwamba barua yenye habari za mgonjwa isiende huko kamwe, hata kama ingekuwa mfano bora wa barua halali. Zahanati ifundishe kwa barua za manunuzi ya dawa, ratiba na mafunzo.

Nani awe mwalimu?

Kumbukumbu ikiwa ya wote, kosa nalo linakuwa la wote. Karani aliyechoshwa na jarida la wiki, ambalo ofisi ilijiandikisha yenyewe, analitupa kwenye mafunzo ya taka badala ya kujiondoa kwenye orodha. Akifanya hivyo kila wiki, maneno ya jarida lile, labda ya kilimo na bei za mazao, yanaanza kunuka taka kwa ofisi zote mbili. Matapeli nao wana hila yao: wanajaza chini ya barua aya nzima ya maneno ya kawaida, ili kama haikupita, angalau maneno yale mema yachafuke.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kujifunza kwa kujiendesha. SpamAssassin inaweza kujifundisha bila mtu: kwa mpangilio wa kawaida barua iliyopata alama 12 au zaidi katika vipimo vingine inaweza kuingizwa kuwa mfano wa taka, na iliyopata chini ya 0.1 ikaingizwa kuwa mfano wa halali. Vipimo hivyo vingine vinavyotazama maneno viliandikwa zaidi kwa ajili ya Kiingereza. Barua ya Kiswahili inayosema umeshinda milioni kumi, lipia ada ya usajili kwanza, ikitumwa kutoka anwani ya kawaida isiyo na sifa mbaya, haina cha kuipandisha hadi 12. Inaweza hata kushuka chini ya 0.1. Hapo mashine inamfundisha mwenzake wa Mikumi kwamba utapeli wa Kiswahili ni barua njema, na inaendelea kufundisha hivyo usiku kucha bila mtu kujua.

Kwa seva zinazopokea Kiswahili, basi, kujifunza kwa kujiendesha kuzimwe mwanzoni, na kazi ifanywe na watu. Namna yake ni hii:

- Kila ofisi imteue mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na wa pili wa kumshikia nafasi.
- Wafunguliwe makasha mawili kwenye barua pepe, moja la taka za kufundishia, jingine la halali za kufundishia.
- Wafanyakazi wengine wasiweke kitu humo moja kwa moja. Wampelekee mteule, naye aamue.
- Barua yoyote yenye shaka iachwe. Kichujio hakipungukiwi na barua moja.
- Kila mwezi mteule afungue kasha la taka la ofisi nzima na kutafuta barua njema zilizoangukia humo. Kila atakayoipata iingie kwenye mafunzo ya halali siku hiyohiyo.

Waanze na halali. Mteule wa Kilosa achukue mialiko ya vikao, ankara za pembejeo, barua za vyama vya wakulima na majibu ya halmashauri, mpaka zifike 200. Wa Mikumi achukue maulizo ya vyumba ya msimu mzima uliopita, ya Kiswahili na ya Kiingereza, pamoja na barua za mawakala wa safari na za benki kuhusu malipo ya dola. Barua za benki zipewe uzito wa pekee, maana ndizo tapeli anazoiga, na kichujio kisichowahi kuiona barua halisi ya benki hakina cha kulinganisha nayo. Taka 200 zitajikusanya zenyewe huku kazi hii ikiendelea.